Mnafiki, mzandiki au anayejihesabia haki: lipi linamfaa nani?

Neno "mnafiki" linabebeshwa mizigo isiyo yake. Anayesengenya huitwa mnafiki, anayejisifu mnafiki, aliyehama chama mnafiki, na anayekemea wenzake kwa kukosa ibada naye mnafiki. Watu wanne hao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza anaficha. Wa pili hafichi chochote, tena angependa dunia nzima isikie. Wa tatu huenda amebadili mawazo kwa moyo mweupe, na wa nne huenda anaamini kila neno linalomtoka. Kila mmoja ana jina lake katika Kiswahili, na ukiwachanganya, ama unamwonea mtu ama unampunguzia kosa.

Njia yangu ya kuchagua ni kuuliza: huyu anamdanganya nani? Kama ni mtu mmoja aliye mbele yake, yapo maneno ya hilo. Kama ni pande mbili kwa wakati mmoja, lipo jingine. Kama ni watazamaji, lipo lao pia. Na kama anayedanganywa ni yeye mwenyewe, hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mtu wa namna hiyo si mnafiki hata akituudhi vipi.

Mnafiki na mzandiki

Mnafiki ana jambo moja moyoni na jingine mdomoni, naye anajua. Sharti hilo la kujua lisisahauliwe. Neno limetoka Kiarabu, na watunga kamusi wa kale wa lugha hiyo walilihusisha na shimo la panya wa jangwani lenye mlango wa siri: ukimvizia huku, anatokea kule. Katika Kurani wanafiki wana sura yao nzima, ya 63, na waliolengwa kwanza ni watu wa Madina waliotamka imani mbele ya Mtume ilhali nyoyo zao zilikuwa kwingine. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inawapa alama tatu: akisema husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Zote tatu ni vitendo. Hakuna hata moja inayohusu sura ya mtu, sauti yake au jinsi anavyotuchukiza. Kwa hiyo anayetaka kulitumia neno hili kwa haki awe na tendo la kuonyesha: uongo gani, ahadi ipi, amana ya nani.

Kwa wasomaji wa Biblia neno hilohilo lina ladha nyingine kidogo, maana limesimama mahali pa neno la Kigiriki ambalo asili yake ni mwigizaji wa jukwaani. Mnafiki wa Injili ni mtu wa maonyesho kuliko mtu wa siri. Mmoja akisikia "mnafiki" anafikiria usaliti, mwenzake anafikiria maigizo. Mwandishi akijua hilo huongeza maneno mawili matatu ili isibaki shaka: mnafiki katika nini, na kwa nani.

Mzandiki naye alianza kama tuhuma ya kidini. Waarabu walilipata neno hili kutoka Kiajemi, wakamwita hivyo mtu anayedhaniwa kuficha imani potofu chini ya Uislamu, na enzi za khalifa al-Mahdi (775–785) watu waliandamwa na kuuawa kwa jina hilo. Kiswahili kimeiacha tuhuma ya imani kikabaki na ukali wake. Kamusi huyaweka mnafiki na mzandiki karibu sana, lakini masikioni hayalingani. Mtu anaweza kuwa mnafiki kwa woga tu: anakuambia mpango wako ni mzuri kwa sababu hana ubavu wa kukuambia ni mbovu. Akikusifia mpango huo, akakushawishi uuze shamba ili uutekeleze, kumbe keshaelewana na mnunuzi, huyo ni mzandiki. Mnafiki anajikinga; mzandiki anawinda. Kwa kosa la woga, mzandiki ni neno zito mno.

Wapo pia wa jirani ambao hawahitaji maelezo mengi. Laghai anataka kitu chako na njia yake ni maneno. Tapeli anaifanya kazi hiyohiyo kama biashara. Mnafiki hutaka umwamini, tapeli hutaka ulipe.

Ndumilakuwili, kigeugeu na mchonganishi

Ndumilakuwili ni nyoka mdogo ambaye watu humdhania ana vichwa viwili, kwa kuwa mkia wake haupishani sana na kichwa. Jina lenyewe linasema anauma kuwili. Kwa hiyo halimfai mtu mpaka ziwepo pande mbili zinazovutana na yeye awe katikati, kila upande ukimhesabu kuwa wake. Nimeona likitumika kwa mtu aliyemdanganya rafiki mmoja tu. Hapo hakuna kuwili.

Mchonganishi anafanana naye kwa safari, maana wote wawili huchukua maneno huku wakayapeleka kule. Tofauti iko kwenye shabaha. Mchonganishi anataka watu wagombane, na wakigombana amefaulu hata kama hapati kitu. Ndumilakuwili hana haja na ugomvi. Akiweza angependa udumu ubaridi tu, usizidi wala usiishe, ili aendelee kula meza zote mbili. Ukitaka kujua umekutana na yupi, tazama anafanya nini siku pande hizo mbili zinapokutana ana kwa ana. Mchonganishi huja kutazama. Ndumilakuwili hupata udhuru.

Kigeugeu ni habari ya muda. Jumatatu yuko hapa, Alhamisi yuko kule, na pengine kila siku anasema kweli yake ya siku hiyo. Hadanganyi pande mbili kwa pamoja. Anamfuata aliyezungumza naye mwisho. Kasoro yake ni wepesi kuliko uongo. Kwa hiyo aliyebadili rai baada ya kupata taarifa mpya, akaeleza sababu hadharani, si kigeugeu. Huyo "amebadili msimamo", basi. Katika mijadala ya siasa tunaharibu mambo kwa kuwaita vigeugeu watu waliokubali kurekebishwa, kisha tunalalamika kwamba viongozi hawasikii.

Kinyonga ni kigeugeu aliyeongezewa hesabu: anageuka kwa kusoma mazingira. Mnyama mwenyewe, kwa kweli, anasingiziwa. Rangi yake hubadilika zaidi kwa kuwasiliana na wenzake na kwa kurekebisha joto la mwili kuliko kujificha. Lakini lugha imeshaamua, na kila msomaji atakuelewa.

Jambo dogo la sarufi kwa wanaoandika: kigeugeu kina umbo la KI-VI ila kwa kuwa ni mtu kinafuata A-WA, yaani "kigeugeu amerudi", "vigeugeu wamerudi". Ndumilakuwili habadiliki katika wingi: "ndumilakuwili hawa".

Ria na kujihesabia haki

Sasa tuje kwa watu wanaojiona bora kimaadili, ambao ndio hasa wanaotupotezea neno. Wako wa aina mbili, na wanaachana sana.

Wa kwanza anahitaji macho ya watu. Anatoa msaada lakini kwanza anahakikisha picha inapigwa. Anasali lakini sala inarefuka wageni wakiingia. Hii ni ria. Sura ya 107 ya Kurani inawakemea wanaosali ili waonekane, na katika hadithi ria imeitwa shirki ndogo. Mathayo sura ya 6 nayo inawataja wanaopenda kusali wamesimama kwenye pembe za njia ili watu wawaone. Kumwita mtu huyu mnafiki kunamzidishia. Msaada umefika, aliyekuwa na njaa amekula. Tendo ni la kweli, kilichoharibika ni nia. Ukisema "amefanya ria" unakubali tendo na kuilaumu nia, na hiyo ni lawama sahihi zaidi. Kwa msomaji asiyelizoea neno hili, "kujionyesha" linatosha, ingawa linapoteza uzito wa dhambi ambao ria inao. Methali inayomfaa ni "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza".

Tahadhari na methali nyingine inayopenda kupachikwa hapa: "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti". Hiyo ni ya mtu mtupu, aliyependeza nje na ndani hana kitu. Mtu wa ria anaweza kuwa nacho, tena kingi. Na "makaburi yaliyopakwa chokaa" ya Mathayo 23 ni hatua nyingine mbele, maana ndani ya mkakasi hamna kitu cha maana lakini ndani ya kaburi mna uozo. Mtu mtupu mwite mkakasi. Kaburi liwe la yule anayeficha uovu chini ya weupe.

Wa pili hahitaji macho ya mtu. Amejifanyia hesabu mwenyewe, akajikuta amefaulu, kisha akatutazama sisi wengine kwa masikitiko. Huyu ndiye anayejihesabia haki. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Farisayo wa Luka sura ya 18, mtu wa kundi la Wayahudi walioshika sana sheria, aliyesali hekaluni huku mtoza ushuru akiwa amesimama mbali. Anasema anafunga mara 2 kwa juma na anatoa zaka ya mapato yake yote, na hakuna mahali pameandikwa kwamba alikuwa anadanganya. Yote ni kweli. Kosa lake ni kushukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Tafsiri ya Biblia iitwayo Union inasema mfano ule waliambiwa "watu waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote". Humo mna mambo mawili, kujikinai na kudharau, na yakikosekana hayo hakuna kujihesabia haki. Anayeishi kwa kanuni kali bila kuwadharau wasioishi hivyo ni mtu wa msimamo tu.

Nadhani mtu huyu ni mgumu kuliko mnafiki, na ndiyo sababu anastahili jina lake mwenyewe. Mnafiki akifumaniwa hutahayari, kwa kuwa anajua alichokuwa anaficha. Anayejihesabia haki ukimwonyesha kosa lake anakuletea orodha ya mema yake, tena ya kweli. Ukimwita mnafiki, atajitafuta unafiki, asiuone, na atakuwa sahihi kutouona. Umempa ushindi wa bure.

Kujikinai linakaribiana na kujihesabia haki lakini ni pana. Kukinai ni kutosheka. Mtu aliyejikinai ametosheka na nafsi yake, iwe kwa wema, elimu au uzuri, haoni tena haja ya kuongezewa. Kujikweza ni habari ya cheo: mtu anajipandisha juu ya daraja lake. Aliyeketi kiti cha mbele bila kualikwa amejikweza. Aliyeketi nyuma huku akihesabu dhambi za waliokaa mbele anajihesabia haki. Kujitakasa ninaliepuka katika lawama, kwa sababu laweza kumaanisha toba ya kweli. Kama unamaanisha mtu anayepigania jina lake baada ya kashfa, "anajisafisha" linaeleweka upesi na halina utata.

Iko pia hali ya kutojiona, inayosemwa na methali "nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe". Mimi huichukulia kama upofu, si udanganyifu, na humwekea mtu anayelaumu wenzake kwa kosa lilelile alilonalo. Lakini nikiri kuna ushahidi upande wa pili. Mathayo 7:5, kwenye habari ya boriti na kibanzi, inaanza na "mnafiki wewe". Pale upofu na unafiki vimewekwa pamoja, pengine kwa kuwa boriti si kitu cha kutoonekana kwa bahati mbaya. Anayetaka kumwita nyani mnafiki basi ana pa kuegemea. Mimi bado ningengoja nipate dalili kwamba anajua.

Kiburi na jamaa zake

Haya hayana unafiki ndani yake, kwa hiyo nayapitia haraka. Kiburi ni kukataa kuambiwa. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Majivuno yanahitaji mdomo, na mtu wa majivuno ndiye anayestahili "debe tupu haliachi kuvuma". Maringo yako kwenye mwendo na mavazi, na mara nyingi ni sifa: anayempenda mtu humsifu kwa maringo yake. Nyodo zina sumu zaidi, maana zinaelekezwa kwa mtu: kubetua midomo, kugeuza uso, kumpima mwenzio kwa jicho kuanzia miguuni. Na angalia kiambishi, kwa kuwa "anajivuna" ni lawama ilhali "anajivunia" si lazima iwe. Mzazi kujivunia mtoto wake si kosa la kumsuta nalo.

Kuna pia watoto watatu wa "kujua" wanaochanganywa. Mjuzi anajua kweli. Mjuaji anajifanya anajua kila kitu, na anakukatiza kabla hujamaliza. Mjuvi hana uhusiano na elimu: ni mtu asiye na adabu, anayejibu wakubwa ovyo.

Maneno matamu yasiyotoka moyoni

Hapa Kiswahili kina akiba kubwa na watu wanaitumia vibaya, kila sifa ya uongo ikiitwa kujipendekeza. Kujipendekeza kunahitaji mkubwa na mdogo: mdogo anatafuta kupendwa. Kujikomba ni kujipendekeza kulikopoteza haya, na ni neno la kuumiza, si la kuandika kwenye barua ya kikazi. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka kunamtazama anayesifiwa: amevikwa heshima ya majani, na itanyauka. Mkubwa naye anaweza kumvisha mdogo kilemba hicho, kwa mfano anapompa cheo cha jina tupu badala ya nyongeza. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumlainisha kwa maneno matamu ili asitambue kwamba hapati kitu.

Mzuri kuliko yote kwa maoni yangu ni usemi "kuuma na kupuliza". Inasemwa panya huuma huku akipuliza ili aliyelala asishtuke. Ni usemi wa mtu anayekudhuru na kukufariji kwa pumzi ileile: "Nakuambia kwa sababu nakupenda, lakini hakuna atakayekuajiri." Wala hauna haja ya kuthibitisha nia yake. Unaeleza kilichotokea: aliuma, akapuliza. Kwa anayekukosoa kwa heshima bila kukuficha kitu usiutumie. Huyo anauma tu, na pengine ulihitaji kuumwa.

Nomino au kitenzi?

Nomino kama mnafiki na mzandiki humhukumu mtu mzima, jana, leo na kesho. Kitenzi hushughulika na tendo moja. Kwa anayeandika malalamiko, taarifa au hata ujumbe kwa ndugu, kitenzi ni salama na mara nyingi kinauma zaidi kwa sababu hakipingiki kwa urahisi. Ila vitenzi vyenyewe navyo vichaguliwe. Kujifanya ni kuigiza tu, hata mtoto anajifanya amelala. Kujitia ni kuigiza pamoja na dharau ya msemaji, kama katika "kujitia hamnazo", yaani kufanya kama hujui lolote wakati unajua. Kujidai ni kuigiza kukiwa na mbwembwe. Kujiona hakuna maigizo, anaamini. "Anajifanya mwema" na "anajiona mwema" ndiyo tofauti yote ya makala haya katika silabi chache, maana mmoja anatudanganya sisi na mwingine amejidanganya mwenyewe.

Majina ya vikundi vya imani yaachwe. "Mlokole" lilitoka Luganda, likaenea na uamsho wa miaka ya 1930 Afrika Mashariki, na wapo maelfu wanaojiita hivyo kwa furaha. Ukilitumia kumaanisha anayejifanya mtakatifu unawasuta wote kwa kosa la mmoja. "Ustadhi" la kejeli lina tatizo hilohilo. Hata "Farisayo" lina ubaya wake, kwa kuwa Mafarisayo walikuwa watu halisi, na Wayahudi wanawahesabu kuwa watangulizi wa marabi wao.

Kwa mazungumzo ya kawaida yapo maneno mepesi. "Anazuga" linatosha kwa uongo mdogo wa kujikwamua, wala halimvunjii mtu heshima sana. "Usanii" lina makali zaidi likiwa la viongozi, kwa ahadi iliyopangwa vizuri isiyo na kitu nyuma yake, japo wasanii wa kweli wana haki ya kunung'unika.

Umri nao una sauti yake. Kwa rika lako unaweza kusema "acha unafiki" mkacheka. Kwa mkubwa wako maneno hayo ni tusi, hata yawe kweli. Hapo husemwa: "Mzee, uliyotuambia juzi na niliyoyaona leo sijaweza kuyaoanisha, naomba unieleweshe." Hujamwita jina lolote. Kama alikuwa anaficha, atajua kwamba umejua. Kama alijihesabia haki, ataanza kukueleza kwa utulivu kwa nini yeye yuko tofauti, nawe utakuwa umepata jibu la neno lipi lilimfaa.